Kama Virginia Ingesema Hapana

Tarehe 25 Juni 1788, wajumbe wa Virginia waliokutana Richmond waliiridhia Katiba ya Marekani kwa kura 89 dhidi ya 79. Wajumbe sita tu wangehamia upande wa pili, jibu lingekuwa hapana. Mwezi mmoja baadaye New York ilipiga 30 kwa 27. Huko wangetosha wawili.

Ni kweli New Hampshire ilikuwa imeshakuwa jimbo la tisa kuridhia, na tisa ndiyo idadi iliyotakiwa. Lakini hebu fikiria muungano usio na Virginia, jimbo lililokuwa na watu wengi kuliko yote, wala New York iliyokaa katikati ya kaskazini na kusini. Ungesimamaje?

Waandishi wa hadithi za "ingekuwaje" hupenda kuingia hapo hapo. Wanatuchorea ramani mpya: nchi mbili, au tatu, na Uingereza inasubiri pembeni iokote vipande. Chini ya mkataba wa zamani wa majimbo 13, Bunge halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na kuurekebisha mkataba wenyewe kulihitaji majimbo yote yakubali. Kwa hiyo hofu ya kusambaratika haikuwa ya kubuni. Nazisoma hadithi hizo kwa raha, ila mara nyingi naona zinaruka swali moja: ingekuwaje kwa nani?

Maana ile ndiyo ilikuwa na bei yake. Ili majimbo ya kusini yakubali, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, viti ambavyo vilikaliwa na mabwana wao. Bunge lilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Na mtumwa akitorokea jimbo lingine, alipaswa kurudishwa. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Utetezi wa siku zote unasema: bora katiba yenye kasoro kuliko kukosa kabisa, pitisha kwanza, rekebisha baadaye. Siudharau. Marekebisho kumi ya haki za raia yalikuja 1791, miaka mitatu tu. Lakini marekebisho ya kufuta utumwa yalikuja 1865, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu. "Baadaye" ya mwenye kura na "baadaye" ya mtumwa si siku moja.

Je, hapana ingewasaidia watumwa? Sijioni nikisema hivyo kwa urahisi. Patrick Henry na George Mason, walioongoza upinzani Virginia, nao walimiliki watumwa. Kusini iliyojitenga ingeweza kuutunza utumwa bila kubughudhiwa na mtu. Au pengine, bila kile kifungu cha kurudisha watoro, mpaka wa Pennsylvania ungekuwa mlango wa uhuru. Historia mbadala haiwezi kutuamulia.

Wala kukataa si lazima kuwe mwisho wa safari. Wakenya waliikataa rasimu mwaka 2005, wakapitisha nyingine 2010. Katikati hapo walipita pia kwenye damu ya uchaguzi wa 2007, kwa hiyo nako kusubiri hakukuwa bure.

Ninachoamini ni kidogo zaidi. Ukiacha sehemu ya haki yako ili upatane na jirani, huo ni uungwana. Ukiacha haki ya mtu ambaye hayumo chumbani, umemuuza, hata kama nchi iliyotokana na biashara hiyo imesimama mpaka leo. Tunaweza kukubali kwamba Virginia isingekuwa na njia nyingine, na bado tukakataa kuiita njia hiyo hekima tupu. Kila rasimu inapoletwa mezani na kuambiwa "ndiyo iliyowezekana", mimi huanza kusoma vifungu vya wale wasiokuwepo mezani.