Bei Nzuri Isiyo na Mnunuzi

Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi walifanya jambo gumu kwa mtu anayedaiwa ada na deni la pembejeo: walikataa kuuza. Zabuni za mnada zilikuwa zimesomwa, na bei ilicheza kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo. Msimu uliotangulia kilo hiyohiyo ilivuka 4,000, watu wakaezeka nyumba na kununua pikipiki. Nani angekubali kushuka hivyo?

Hasira yao ilikuwa na haki yake, ila bei ya korosho ghafi haipangwi Tandahimba wala Newala. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu na kusubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi akishinda hulipa benki, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia akaunti ya mkulima. Lakini mnunuzi huyo naye amekopa, amekodi kontena, na ana ahadi na mbanguaji wa India au Vietnam ambaye ndiye mwenye soko la mwisho. Mwaka ule bei ilikuwa imeshuka duniani kote. Waliopiga zabuni pale kusini walikuwa wakitazama Vietnam.

Tena mnyororo huo ulikuwa umeshaguswa kabla ya hapo. Kila tani ya korosho ghafi inayokwenda nje hutozwa ushuru, na kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kwenye zao lenyewe: salfa, miche, utafiti. Juni 2018 sheria ikabadilishwa ili ushuru wote uingie mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa kwa kura. Mnada ulipoanza miezi michache baadaye, hakuna mtu katika mnyororo ule aliyekuwa na uhakika wa kesho.

Serikali ikaingia kati. Waziri Mkuu alizungumza na wanunuzi, kisha wakapewa siku nne waseme watanunua kiasi gani. Novemba 10 Rais Magufuli alitengua uteuzi wa mawaziri wa kilimo na wa biashara na kuivunja Bodi ya Korosho. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, Benki ya Maendeleo ya Kilimo italipa, na Jeshi la Wananchi litasomba mzigo. Vijijini watu walishangilia, na mimi siwalaumu. Ukisikia kilo yako imepanda kwa shilingi mia sita au zaidi bila wewe kuinua kidole, utauliza maswali ya nini?

Maswali yalikuja yenyewe. La kwanza lilikuwa uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba kabla ya kulipwa. Kwenye karatasi hilo ni jambo la siku moja. Shambani ni mzee anayewatembeza maofisa juani kati ya mikorosho aliyorithi kwa wajomba, hana hati, mpaka wake ni mwembe, na jirani aliyeweza kuwa shahidi amekwenda msibani. Aliyetembezwa hivyo alisubiri malipo wiki kadhaa, na nyuma yake walikuwapo maelfu.

Uhakiki ulilenga kangomba, yaani wale wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo kisha kupitisha mzigo kwa majina ya watu. Hawa hawana sifa nzuri na hawaistahili. Hata hivyo, ukweli ambao maofisa wengi hawapendi kuusikia ni kwamba kangomba ndiye benki ya kijiji. Mwezi wa nane, wakati mabibo bado mabichi na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, yeye ndiye mwenye fedha taslimu mfukoni. Alipofungiwa mlango bila kuwekwa mtu mwingine mahali pake, aliyeumia pamoja naye ni yule aliyekwisha kula fedha yake.

Kisha wapo ambao hakuna tangazo lililowataja. Mwenye lori aliyezoea kubeba magunia msimu mzima alikuta magari ya jeshi yamechukua kazi yake. Kuli wa ghalani, mama lishe wa jirani na mizani, mwenye duka aliyetoa salfa kwa mkopo: wote hula pale fedha ya mkulima inapotembea. Mei 2019, mikorosho ilipoanza tena kuhitaji kupuliziwa, wapo waliokuwa bado wanadai malipo ya msimu uliopita. Hutaki kujua walinunuaje dawa.

Na mzigo wenyewe? Serikali sasa ilikuwa na korosho zaidi ya tani 200,000 na haina mteja. Viwanda vya ndani vilivyokuwa vikifanya kazi visingeweza kubangua hata nusu yake. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa tani 100,000 na kampuni moja ya Kenya ambayo haikuwa na jina katika biashara hii, na kabla ya katikati ya mwaka mkataba ukafa. Korosho hazisubiri mikataba. Zikikaa ghalani muda mrefu ubora unashuka, na mbanguaji akikata chache za sampuli na kuona kokwa imebadilika rangi, anapunguza bei. Wanunuzi wa nje hawakukaa bure kusubiri. Walikwenda Afrika Magharibi.

Kusini iliwahi kuyaona haya. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na bei ikawa ya chombo kimoja cha Serikali. Katikati ya miaka ya themanini mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Msitu ulimeza mashamba.

Wala amri ya kuvuruga soko haitoki Dodoma peke yake. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na wakulima wa Mtwara na Lindi waliokuwa wamezipanda kwa wingi wakabaki na magunia ambayo hayakufidia hata gharama ya kuvuna.

Msimu wa 2019/20 Serikali ilirudisha mnada na wanunuzi binafsi. Bei za mwanzo zilikuwa chini ya 3,300, na wakulima waliuza.

Kwa hiyo anayeandaa mwongozo wa msimu ujao, uwe wa korosho, pamba au tumbaku, aketi kwanza na mwenye ghala, mwenye lori, benki na mnunuzi, na autangaze kabla mkulima hajakopa salfa. Na wewe mwenye gunia, siku utakapotangaziwa bei nzuri, uliza hapohapo nani analipa, na lini.