Huruma kwa Mwenye Kisu

Katika filamu ya Werner Herzog ya 1979, askari maskini Woyzeck anakula njegere tupu kwa sababu daktari anamlipa vijisenti vya jaribio lake. Kapteni, ambaye ananyolewa ndevu na askari huyo huyo, anamhubiria maadili. Mwishowe Woyzeck anamchoma kisu Marie, mama wa mtoto wake. Georg Büchner alifariki 1837 kabla ya kuimaliza tamthilia iliyozaa filamu hiyo, na chanzo chake ni kesi ya kweli: Johann Christian Woyzeck alikatwa kichwa huko Leipzig 1824, baada ya daktari kuthibitisha kwamba alikuwa na akili za kutosha kubeba kosa lake. Huku Gety, Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako vijana wengi walishika bunduki, swali hilo halijazeeka: aliyesukumwa na njaa, amri na dharau, kosa lake ni lake kiasi gani?

Nasema ni lake, na bado yatupasa kumwelewa. Wako watakaosema huko ni kuwatukana marehemu, na Bogoro, kijiji cha Ituri kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003, kina haki ya kusema hivyo kwa sauti. Hata kamera ya Herzog inang'ang'ania uso wa Klaus Kinski, mwigizaji wa Woyzeck, wakati wa kuua, Marie akififia. Lakini hiyo ni kasoro ya mtazamo, huruma haina hatia hapo. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, kisha akawa kamanda wao. Mwaka 2021 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, La Haye, walikataa utetezi wa shuruti na ugonjwa wa akili, kisha wakauhesabu utoto wake na kumpa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha. Walimwelewa, wakamfunga.

Kwa shambulio la Bogoro, mahakama hiyo hiyo ilimpa kamanda Germain Katanga miaka 12, na waathirika 297 wakapangiwa dola 250 kila mmoja kama fidia ya ishara. Anayeguna, agune. Ila kilichowapunja si kueleweka kwa mkosaji. Ni kesi kuishia kwake peke yake. Hukumu ya Katanga inataja silaha zilizotoka Beni. Waliozituma hawakusimama kizimbani La Haye, kama ambavyo hakuna anayewauliza kapteni na daktari wa Woyzeck walikuwa wapi.