Jino la Maskini ni Deni la Nani?



Liko swali ambalo huulizwa mara nyingi, hasa na wale wanaokaa mbali na mji. Mtu akiumwa jino, naye hana fedha za kwenda Lubumbashi kwa mganga wa meno, je, avumilie maumivu hayo kama msalaba wake, au adai msaada kama haki yake? Swali laonekana dogo, kwa kuwa jino ni kitu kidogo. Lakini aliyekesha usiku kucha ameshika shavu hawezi kuliita dogo. Hali bukari, halimi, wala hasikii mafundisho hata akiketi mbele ya mwalimu. Basi na tulipime swali hili kwa utaratibu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Wazee walisema kwamba mdudu ameingia jinoni. Leo twajua kwamba hakuna mdudu wa namna hiyo. Mdomoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari huigeuza kuwa asidi, na ukali wake huliyeyusha jino polepole mpaka litoboke. Tundu likiwa bado dogo, mganga huweza kuliziba, na jino likaokoka. Likifika ndani penye mishipa, maumivu huzidi sana. Baadaye usaha hukusanyika, shavu huvimba, na uvimbe ukishuka shingoni huweza kuziba pumzi na kumwua mtu. Kwa hiyo msidhani kwamba jino haliui. Tena jueni kwamba vidonge vya kutuliza maumivu hunyamazisha kilio tu, havizibi tundu.

Pili tutofautishe mateso na mateso. Yako mateso ambayo binadamu hawezi kuyaondoa, kama udhaifu wa uzee au kufiwa na mpendwa. Hayo Mkristu huyapokea kwa saburi. Yako na mateso mengine ambayo dawa yake ipo, mganga wake yupo, na chombo chake kipo. Yanabaki kwa sababu tu hakuna aliyelipa. Kuyaita haya mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu jambo lililofanywa na watu.

Mkumbukeni Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria. Karibu na mwaka 249 watesi walimvunja meno, naye akafa bila kuikana imani. Kanisa humkumbuka tarehe 9 Februari, na wenye kuumwa meno humwomba awaombee. Saburi yake ilikuwa tukufu. Lakini je, yuko mtu asemaye kwamba waliomvunja meno walitenda vema? Hata kidogo. Vivyo hivyo saburi ya maskini huweza kuwa kitu chema mbele ya Mungu, lakini saburi hiyo haifuti deni la wale waliomwacha bila msaada.

Tatu, deni hilo ni la nani? Sehemu ya kwanza ni ya mwenye jino. Apige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi akiweza kuipata. Asiwazoeze watoto vitu vitamu kutwa nzima. Akiona tundu, asingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena jino la pembe si dawa ya pengo. Asikubali kung'olewa jino kwa koleo la mtu wa sokoni, ambalo halikuchemshwa, kwa maana chombo kichafu chaweza kumletea magonjwa ya damu. Lakini tusimwambie mgonjwa, “Ni kosa lako mwenyewe,” ili tupate kufunga mfuko wetu. Hata mwenye kujitunza huumwa.

Sehemu ya pili ni ya jirani. Yule Msamaria wa Injili hakuishia kumhurumia aliyejeruhiwa. Alimfunga vidonda, akampeleka penye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, na kuahidi kulipa zaidi. Huruma yake ilifika mpaka mfukoni. Nasi twajua kusaidiana. Wanawake wetu huchanga likelemba kwa ajili ya biashara. Kwa nini watu wasichange pia kwa ajili ya ugonjwa, kabla ugonjwa haujaingia nyumbani? Sheria ya nchi yetu ya tarehe 8 Februari 2017 inavitambua vyama vya kusaidiana na kuviwekea taratibu zake. Mtu anayechanga kidogo kila mwezi hatalazimika kuuza mbegu zake ili jino moja ling'olewe.

Lakini tazameni tena mfano ule. Dinari mbili za Msamaria zingefaa nini kama njiani pasingekuwa na nyumba ya wageni? Jirani huweza kulipa, lakini hawezi peke yake kujenga chumba cha mganga wa meno, kununua kiti na mashine, kuleta dawa ya ganzi, na kumsomesha mganga kwa miaka mingi. Hapo ndipo sehemu ya tatu ya deni huwaangukia wenye kutawala.

Historia ya Katanga yatufundisha jambo hili. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, zilikuwa na hospitali zilizomtibu mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilidhoofika sana, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa kazini. Ndipo jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilipotambua kwamba matibabu yao yalifungwa na kazi. Kazi ilipokwisha, nayo yakatoweka. Na mkulima wa Kasenga, ambaye hakuajiriwa kamwe, hakuwa nayo tangu mwanzo. Lakini mtu haumwi jino kwa kuwa ni mfanyakazi. Huumwa kwa kuwa ni mtu. Ndiyo maana Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za kila binadamu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika sehemu yake ya 47, nayo inasema kwamba haki ya afya imehakikishwa.

Mwingine atajibu: “Serikali haina fedha. Malaria na kipindupindu huua watoto, akina mama hufa katika kuzaa. Jino lingoje zamu yake.” Neno hili lina kweli ndani yake, kwa maana ni haki kuanza na hatari kubwa. Lakini kungoja zamu si kusahauliwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na kwamba katika kila wagonjwa wanne, watatu wako katika nchi zenye pato dogo au la kati. Tena kuzuia kuoza kwa meno hugharimu kidogo kuliko kutibu uvimbe wa shingo.

Nayo nchi hii si tupu. Chini ya miguu yetu mna shaba na kobalti. Sheria ya machimbo, iliyotengenezwa upya mwaka 2018, yaamuru kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa kazi za maendeleo ya wenyeji, na asilimia 15 ya ushuru wa madini iwafikie watawala wa mahali madini yanapochimbwa. Basi kijiji kilicho karibu na machimbo, kikiitwa mkutanoni kusema mahitaji yake, kisitaje barabara na kisima peke yake. Kiombe pia muuguzi aliyefundishwa kutibu meno, na bei ibandikwe mlangoni ili kila mtu aisome.

Basi, wapenzi, mwenye kuumwa asione haya kuomba msaada, kwa maana haombi anasa. Jirani asihesabu kwamba ametoa sadaka tu, kwa maana amelipa sehemu ya deni. Naye mwenye madaraka asingoje kushukuriwa kwa kutenda lililompasa. Na ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo, mkimwona mtu ameshika shavu lake, msimhubirie saburi kabla hamjamwuliza kama amepata nauli ya kwenda kwa mganga.