Muuguzi Akikosea, Aseme?

Wauguzi hufundishwa mapema kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Kukariri si kazi. Lakini katika zamu yenye wagonjwa wengi, na chupa zinazofanana, hata mjuzi aweza kuteleza. Akishakosea, tena hakuna aliyemwona, aseme?

Huko Nashville, Marekani, mwezi wa Desemba 2017, muuguzi RaDonda Vaught alitumwa kumpa mama wa miaka 75 dawa ya kumtuliza kabla ya kupigwa picha. Iliyotakiwa ni midazolamu, ambayo pia hujulikana kwa jina la Versed. Alibonyeza herufi mbili za mwanzo kwenye kabati la mashine, akatoa vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Kizibo kilikuwa na onyo. Tena dawa ile ilikuwa unga wa kuchanganywa, hali midazolamu ni ya maji tayari. Hakusoma. Mama yule alifariki. Kosa lilipogunduliwa Vaught hakulikana, alieleza yote. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi, bila kwenda gerezani.

Wako wanaosema haki ilitendeka, kwa kuwa mtu alikufa na onyo lilikuwa mbele ya macho. Hatuwabezi, lau angalikuwa mama yetu, tungalisema vivyo hivyo. Lakini muuguzi mwingine aliyesikia hukumu ile, je, atasema kweli mgonjwa angali hai? Hata kwa dawa ile mgonjwa aweza kusaidiwa kupumua, madaktari wakiambiwa upesi. Kwetu sisi, anayekiri na anayeficha hawastahili fungu moja.

Twalisema hili kwa aibu, sisi walimu. Chuoni, mwanachuo mmoja alikuja mwenyewe kutuambia kuwa amevunja kipimajoto cha maabara. Tulimlipisha, tena tukamsema mbele ya wenzake. Muhula uliofuata tuliokota vipande vya vipimajoto viwili nyuma ya kabati, na zebaki imetapakaa sakafuni pale pale walipokaa wanachuo kila siku. Tuliuliza darasa zima. Hakuna aliyejibu.