Huruma ya Mnunuzi

Yamkini msomaji wa pwani atashangaa kuona mbwa wakipewa nafasi katika kurasa hizi. Lakini swali ninalotaka kuliuliza si la mbwa peke yake. Mtu anunuapo kiumbe hai, je, dhima yake huanza siku anapokipokea, au ilikwisha kuanza kabla kiumbe hicho hakijazaliwa?

Natwaa mfano wa mbwa mdogo aitwaye Cavalier King Charles Spaniel, ambaye Kennel Club ya Uingereza ilimtambua kuwa wa nasaba ya peke yake mwaka 1945. Ni mbwa mpole, mwenye masikio marefu na macho makubwa, apendwaye na wazee na watoto. Lakini uzuri huo una gharama. Fuvu la wengi wao ni dogo kuliko ubongo unavyotaka, hata maji hujikusanya ndani ya uti wa mgongo yakaleta maumivu. Na vali ya moyo huharibika kwa wengi mno kadiri umri unavyozidi. Maradhi hayo ya moyo aghalabu hujitokeza mbwa akiwa amekwisha kuzaa. Hapo ndipo mfugaji mwaminifu anapoachana na mchuuzi: yeye hungoja. Hamzalishi jike asiyetimiza miaka miwili na nusu, hutaka kujua hali ya mioyo ya wazazi wa jike huyo walipofika miaka mitano, na huonyesha majibu ya daktari bila ya kuombwa mara mbili. Mchuuzi huonyesha cheti cha nasaba. Cheti chaweza kuwa cha kweli, walakini hueleza nani kamzaa nani. Hakisemi kama aliyezaa alikuwa mzima. Kennel Club hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1873, ilifika mwaka 2009 ndipo ikakataa kuandikisha watoto waliozaliwa na mama na mwanawe, au na ndugu wa tumbo moja. Sisi tunaojivunia nasaba zetu yafaa tulitafakari jambo hilo.

Mwaka 2013 jike mmoja wa aina hii, aliyepewa jina la Lucy, aliokolewa katika shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mgongo wake umepinda. Alikufa mwaka 2016. Sheria iitwayo kwa jina lake ilianza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020: mchuuzi wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita, na mnunuzi hana budi amwone mtoto pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Wahenga wetu walikwisha kunena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitolea kukuletea mtoto wa mbwa kando ya barabara ana kitu asichotaka ukione, na mara nyingi kitu hicho ni mama.

Basi tuseme mnunuzi amefika, mama haonekani, na mtoto anayetolewa ni dhaifu, anatetemeka. Moyo unamwambia: nikimwacha atakufa. Wako wasemao kwamba kumnunua ni wema, nami siwezi kuwalaumu, kwa kuwa maumivu ya yule aliye mbele ya macho ni ya kweli. Lakini fedha haina macho. Mchuuzi haipokei kama sadaka ya mgonjwa. Huipokea kama bei ya mzao, na kwa bei hiyo mama aliyefichwa atapandwa tena. Huruma imemwokoa mmoja aonekanaye na kuwaagiza wengine wasioonekana. Naona heri mnunuzi aondoke mikono mitupu, aende akawape habari wenye mamlaka, ingawa najua ushauri huu ni mwepesi kwa asiyeyatazama macho ya mtoto yule.

Liko swali zito zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuwazalisha mbwa wa nasaba hii, kwa namna iliyoshtakiwa mbele yake, ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama. Kama ni hivyo, mfugaji mwema wa Cavalier aweza kuwapo? Nadhani aweza, kwa sharti kwamba akubali kuingiza damu ya nje pale mioyo na mafuvu yanapodai, na kuupoteza usafi ule ule ambao wanunuzi huulipia. Mnunuzi naye itampasa kumpenda mbwa mwenye pua ndefu kidogo, asiye na cheti cha kutundika ukutani. Mfugaji wa namna hiyo hatamsifu mtoto kwanza. Ataanza kwa kumwuliza mgeni wake anakaa wapi, nani atabaki na mbwa mchana, na kama yu tayari kungoja mwaka mwingine hadi jike apimwe.