Bahati na Ujinga

Je, bahati ni kitu, au ni jina tulilolipa ujinga wetu? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na Gendabi. Aliyenusurika husema ni bahati. Lakini tope halikupiga kura: lilifuata mteremko na mikondo ya maji.

Kompyuta nayo ni hivyo. Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, ina amri iitwayo Math.random, itoayo namba isiyopungua sifuri wala kufikia moja. Atazamaye huiona kuwa kura. Kumbe kila namba hutokana kwa hesabu na hali iliyoachwa na iliyotangulia. Aijuaye hali hiyo aweza kuibashiri ijayo. Ndiyo maana penye siri hutumiwa amri nyingine, crypto.getRandomValues, iliyokusudiwa isibashirike.

Basi, tukigawa magunia kumi ya mbegu kwa kaya ishirini kwa namba hizo, tumetenda haki? Naam, maadamu hakuna mshiriki ajuaye mapema. Ujinga ulio sawa kwa wote ndio mizani ya kura. Mmoja akijua akanyamaza, kura imekuwa hila.

Lakini ujinga uletao haki katika kura hauleti haki chini ya mlima. Huko, ajuaye njia ya tope akanyamaza, kisha akaiita hasara ya jirani bahati mbaya, amedhulumu.