Moyo Mwema Hautoshi: Mshauri wa Ndoa Naye Hufundishwa



Ukishuka gari la nambari 46 pale kituo cha mwisho Kawangware, mahali ambapo watu wamezoea kupaita "Fotisiksi" kwa sababu ya nambari hiyo hiyo ya gari, utawakuta mafundi wa kila namna kando ya barabara. Yuko fundi cherehani, yuko fundi viatu, yuko kinyozi. Mwulize kinyozi alivyojifunza kazi. Atakueleza kwamba alikaa miezi kadhaa akifagia nywele na kumtazama mwenzake, kabla ya kuaminiwa na kichwa cha mteja. Wala wewe mwenyewe hutakubali kunyolewa na mtu ambaye hajawahi kushika mashine.

Basi, jiulize: mbona kichwa tunakilinda hivyo, lakini ndoa yetu tunamkabidhi yeyote mwenye mdomo?

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kwa Waluhya, msichana alikuwa na senge, shangazi yake wa upande wa baba. Huko pwani alikuwepo somo. Hawa hawakuokotwa tu njiani. Walikuwa wamekaa na waliowatangulia, wamesikia kesi nyingi, na walijua lipi la kusema na lipi la kunyamazia. Kwa maneno mengine, walifundishwa, ingawa hawakupewa cheti.

Leo senge yuko Kakamega au Bungoma, na nauli ya kumfikia haipatikani. Mume na mke wanaishi katika chumba kimoja cha mabati, jirani akikohoa mnamsikia. Ndoa ikiyumba, wanakwenda kwa wasimamizi wao wa arusi, kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa katekista au kwa padre. Hawa wote ni watu wa moyo mwema, na Mungu awabariki kwa kujitolea kwao. Lakini je, moyo mwema unatosha?

Tuwatazame rafiki za Ayubu. Watu hawa walimpenda kweli. Waliposikia taabu yake waliacha shughuli zao, wakaenda, wakaketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Hadi hapo walikuwa washauri wazuri sana! Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu kila kitu. Kila mmoja alikuwa na jibu tayari: umetenda dhambi, ungama, yatakwisha. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, wala si yule aliyelia na kulalamika.

Mtazame pia Eli, kuhani mzima wa hekalu. Alimwona Hana akisogeza midomo katika sala, akadhani mwanamke yule amelewa. Uzuri wa Eli ni kwamba aliposahihishwa alikubali, akambariki. Lakini fikiri Hana angekuwa mwoga, akaondoka kimya bila kujieleza! Ni akina Hana wangapi katika mitaa yetu wameondoka hivyo, wakibeba huzuni yao na aibu juu yake?

Chukua mfano huu. Mama anamfuata msimamizi wake baada ya Misa ya Jumapili. Anasema: "Mume wangu siku hizi hanipi pesa za matumizi, na anarudi usiku wa manane." Mshauri asiyefundishwa anajibu papo hapo: "Vumilia mama, ndoa ni msalaba. Mpikie vizuri, mwombee." Mshauri aliyefundishwa hajibu bado. Anauliza: Tangu lini? Anaporudi, huwa namna gani? Nyumbani una amani au una hofu? Halafu anangoja, hata kama mama anakaa kimya dakika nzima.

Kwa kuuliza hivyo huenda akagundua kwamba mume alipoteza kibarua chake kule Industrial Area miezi miwili iliyopita, na anarudi usiku kwa sababu anaona haya kuonana na watoto. Au atagundua kwamba mama anapigwa, na alama zimefichwa chini ya leso. Malalamiko ni yale yale, lakini shida ni mbili tofauti kabisa. Huyu wa kwanza anahitaji kusaidiwa kuzungumza na mumewe. Huyu wa pili anahitaji kwanza usalama. Ukimwambia "vumilia" unaweza kuwa umempeleka kaburini, na umefanya hivyo kwa jina la Kanisa.

Na Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inakubali kwamba mwenzi anayehatarisha vibaya roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa huyo mwenzake sababu halali ya kuishi kando. Na kama kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka hata kabla ya kupata idhini ya Askofu. Kifungo cha ndoa kinabaki, lakini hakuna aliyeamriwa kukaa angojee kuuawa. Ni washauri wangapi wetu wanaijua kanuni hiyo?

Ndugu, hata Mose alihitaji kufundishwa jambo hili. Alikuwa akiketi tangu asubuhi hadi jioni akisikiliza kesi za watu peke yake, mpaka mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia. Yethro alimshauri awafundishe watu, kisha achague kati yao wenye uwezo, wacha Mungu, waaminifu, wasiopenda rushwa. Kesi ndogo wazisikilize wao, zile kubwa wamletee Mose. Hapa kuna mambo matatu: kuchagua, kufundisha, na kujua kesi ipi si ya kwako. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikazia haja ya kuwaandaa walei wa kusaidia familia, kwa kushirikiana na wanasaikolojia, madaktari na washauri wa ndoa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba elimu hii ni ya Wazungu au ya wasio na imani.

Hapa Kenya kazi hii ina historia yake. Kituo cha ushauri cha Amani kilianza Nairobi mwaka 1979, na kikawa pia mahali pa kuwafunza washauri. Miaka ya 1990 ukimwi ulipobisha kila mlango, tulihitaji watu wa kumwandaa mtu kabla ya kupimwa na kumshika mkono baada ya majibu. Halafu tarehe 7 Agosti 1998 bomu likalipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba kuna majeraha ambayo bendeji haiyafikii. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayoweka bodi ya kuwasajili wale wanaoifanya kazi hiyo kama taaluma.

Mtu anayesomea kazi hii hufundishwa nini? Hafundishwi kutoa mawaidha mengi. Hayo tunayo tele. Anafundishwa kusikiliza mpaka mwisho, na kumrudishia mwenzake maneno yake ili ahakikishe ameelewa. Anafundishwa kutoegemea upande, kutunza siri, na kutofautisha huzuni ya kawaida na ugonjwa unaohitaji daktari. Anafundishwa kujijua mwenyewe, maana aliyeumizwa na baba mlevi anaweza kumhukumu kila mume anayekunywa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: hata akihitimu, anaendelea kuwa na msimamizi wake, mshauri mwenye uzoefu anayeketi naye kuzichunguza kesi zake bila kuwataja watu majina. Kinyozi husimamiwa miezi michache. Mshauri husimamiwa maisha yake yote ya kazi.

Huenda unasema: "Hayo ni ya wenye karo. Sisi wa Kawangware na Kibera tutayapata wapi?" Sikiliza. Mwaka 2002, katika vijiji vya kusini mwa Uganda, watu wa kawaida wasio madaktari walifundishwa wiki mbili tu kuongoza vikundi vya watu wenye huzuni kubwa. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na wengi walipata nafuu. Hapa Nairobi kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 518 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Nusu yao walisaidiwa na wahudumu wa afya wa mtaani kwa vikao 5, kimoja kila wiki, nao walipata nafuu kuliko wale wa huduma ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa na digrii. Lakini walichaguliwa, walifundishwa mambo machache wakayajua sawasawa, na walisimamiwa. Mafunzo mafupi hayamfanyi mtu kuwa mtaalamu wa saikolojia, asijidanganye! Yanamfanya awe jirani ambaye hataongeza kidonda.

Sasa tufanye nini?

Wewe unayeombwa ushauri na wanandoa: jifunze. Omba parokia ikupeleke kwenye semina, na usiridhike na semina moja. Sikiliza mara mbili kabla ya kusema mara moja. Uliloambiwa siku ya Jumapili lisifike kwenye mfereji wa maji siku ya Jumatatu, wala lisigeuzwe kuwa nia ya maombi katika jumuiya. Mwambie mapema anayekujia kwamba utaitunza siri yake, isipokuwa pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto umo hatarini. Na ukiona jambo limekuzidi, usione haya kulipeleka mbele. Kwa ukatili nyumbani kuna simu ya bure 1195, na kwa watoto kuna 116.

Wewe unayetafuta ushauri: una haki ya kuuliza. Umesomea wapi? Nani anakusimamia? Umesajiliwa? Mshauri wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mkimbie yule anayetoa hukumu kabla hajawasikia nyote wawili, na yule anayekusimulia siri za waliokutangulia. Kesho atasimulia zako.

Nanyi halmashauri za parokia: tunachangia mabati, vipaza sauti na sare za kwaya, na ni vizuri. Hebu mwaka huu tuchangie pia karo ya mume na mke wawili wenye hekima, wasome, warudi wawahudumie wenzao. Kanisa tunaloliita la nyumbani nalo linavuja, na paa lake halizibwi kwa misumari.

Ewe msomaji, leo kabla ya kulala, msikilize mwenzi wako kwa dakika 10 bila kumkatiza na bila kumjibu. Utaona jinsi ilivyo kazi ngumu. Ukishaiona ugumu wake, utaelewa kwa nini anayeifanya kwa niaba ya wengine hana budi kufundishwa.

Mungu aliyemsikiliza Hana azisikilize nyumba zenu. Amina.